Kirusi Ndani ya Nta: Shajara ya Mradi wa EBER, Nairobi

Februari 4

Mradi umeanza rasmi leo, kwa hiyo niandike lengo kabla shughuli hazijalifunika. Tunataka kila limfoma, yaani kansa ya limfosaiti, seli nyeupe za kinga, inayofika kwenye meza yetu ya patholojia hapa Nairobi, hasa ya mtoto, ipimwe kirusi cha Epstein-Barr papa hapa, kwa mikono ya mafundi wetu, na slaidi isomwe na madaktari wetu. Kibali cha kamati ya maadili kipo, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ipo, na hela za vitendanishi zimeingia.

Kipimo kinaitwa EBER. Kirusi cha Epstein-Barr, EBV kwa kifupi, kikishajificha ndani ya seli hunyamazisha karibu jeni zake zote, ila huendelea kumwaga vipande viwili vifupi vya RNA ambavyo havitengenezi protini yoyote. Vinaweza kufika nakala milioni moja katika seli moja. Ukitengeneza probu inayooana na vipande hivyo, itanata pale pale kirusi kilipo, kisha rangi inawekwa juu yake. Kiini chenye kirusi kinatoka cheusi chenye ubluu. Kisicho nacho kinabaki cha waridi.

Duniani kipimo hiki kimezoeleka. Kwetu kimekuwa cha kuomba: unafunga bloku ya nta yenye kipande cha uvimbe ndani, unatafuta mshirika ng'ambo, unangoja, na majibu yanarudi wakati mtoto ameshamaliza dawa au hayupo tena. Limfoma ya Burkitt, ile ya watoto inayovimbisha mataya, inaweza kujiongeza maradufu kwa siku moja au mbili. Haingoji barua pepe.

Sehemu ya pili ya mradi ni bloku za zamani. Ghala letu lina vipande vya miaka mingi vilivyoandikwa "limfoma" tu, bila aina. Tutavirudia.

Februari 20

Jana mwanafunzi wetu wa uzamili aliniuliza, tukiteremka kuelekea stendi ya matatu, kwa nini mtu aliyekaa miaka yote hiyo kwenye HPV, kirusi cha kansa ya mlango wa kizazi, ahamie uvimbe wa mataya ya watoto. Nilimjibu kwa mkato kwa sababu mvua ilikuwa inatukimbiza. Swali lake linastahili jibu zaidi ya lile.

Nilianza na kansa ya Kaposi. Nilikuwa na digrii mpya na koti jeupe lililonizidi, na wadi zilikuwa zimejaa watu wenye madoa ya zambarau miguuni na kwenye kaakaa, kabla dawa za ARV hazijafika hospitali za umma. Wengi waliamini Kaposi ililetwa na Ukimwi. Moritz Kaposi aliieleza mwaka 1872, na madaktari wa Afrika Mashariki waliiona kwa wazee, hata kwa watoto, miaka mingi kabla HIV haijajulikana. Kilichosababisha kilikuwa kitendawili mpaka mwaka 1994, pale Yuan Chang na Patrick Moore, wakiwa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, walipochukua uvimbe na ngozi isiyo na uvimbe ya mgonjwa mmoja, wakaondoa DNA yote iliyofanana baina ya vile viwili, wakabaki na vipande vya kirusi ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Mwaka 2008 wakafanya tena, kwa mbinu nyingine, wakapata kirusi cha kansa ya ngozi ya Merkel. Kwangu hiyo ndiyo kazi safi kuliko zote katika fani hii. Hawakwenda na kirusi mfukoni wakitafuta ugonjwa wa kukipachika. Waliuuliza uvimbe wenyewe.

Kisha HPV. Hapo hadithi imenyooka, na labda ndiyo maana nilikaa sana. Harald zur Hausen alitenga HPV 16 mwaka 1983 na HPV 18 mwaka uliofuata, na mwaka 2008 akapewa Nobel. Aina hizo mbili peke yake zinabeba takriban asilimia 70 ya kansa za mlango wa kizazi. Kirusi kina protini mbili, E6 na E7: ya kwanza inaangamiza p53, mlinzi anayeiambia seli ijiue ikiharibika, ya pili inaifunga RB, breki ya kugawanyika kwa seli. Ukijua hivyo unajua pa kuzuia. Utafiti wa KEN SHE ulioandikisha wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 katika Nairobi, Thika na Kisumu ulionyesha, matokeo yakichapishwa 2022, kwamba dozi moja tu ya chanjo ilizuia maambukizi mapya ya kudumu ya aina 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja. Nilifurahi kama Mkenya na kama mtu wa maabara, nikajua kwamba pale maswali makubwa yaliyobaki ni ya kuwafikishia wasichana chanjo, na kuna watu wanaoiweza kazi hiyo kuliko mimi.

EBV haijanyooka. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho kirusi hiki. Ninacho mimi, anacho dereva wa matatu tuliyopanda jana, na hatutaugua. Chanjo hakuna bado. Kirusi kile kile kwa mtoto mmoja wa kando ya Ziwa Victoria kinakaa kimya maisha yote, kwa mwingine kinakutwa katika kila seli ya uvimbe ulioling'oa jino lake. Nataka kujua ni nini kilichotokea katikati. Na siwezi hata kuanza kuuliza kama sina uhakika uvimbe upi una kirusi na upi hauna.

Machi 11

Ghalani. Mzee wetu wa histolojia, kazi ya kuandaa na kukata tishu, ambaye amekata slaidi tangu kabla sijamaliza shule, ametusaidia kupanga droo. Bloku nyingi ziko salama. Zilizokaa upande wa dirisha la magharibi zimelainika na kuinama, nta imevuta vumbi, nyama imetokeza juu ikakauka.

Jambo la kukumbukwa na kila anayeanza maabara: namba zilizoandikwa kwa penseli zote zinasomeka. Zile za kalamu ya wino, zailini na alkoholi zimezilamba, kumebaki kivuli cha samawati. Vitabu vikubwa vya usajili vina maandishi ya watu watatu au wanne tofauti, mmoja mwenye mwandiko wa shule ya zamani, herufi zimelala upande mmoja. "Taya la chini, kushoto. Mtoto. Uvimbe wa wiki tatu." Safu ya mwisho imebaki wazi kwenye kurasa nyingi.

Majina tumeyaziba. Kila bloku imepewa namba ya mradi, na ufunguo wa namba hizo uko kwenye kabati ambalo mimi sina ufunguo wake. Ndivyo tulivyoahidi kamati.

Aprili 2

Duru ya kwanza ya majaribio imekamilika, na somo kubwa halihusu kirusi hata kidogo. Linahusu asidi.

Burkitt inapenda taya, na kipande cha taya huja na mfupa. Mfupa haukatiki kwenye maikrotomu, mashine yetu ya kukatia, kisu kinaruka. Njia ya haraka ni kuuloweka kwenye asidi kali mpaka chokaa itoke. Kwa slaidi ya kawaida ya rangi ya hematoksilini hiyo haidhuru sana. Kwa RNA ni mauti. Kila slaidi ya EBER tunaifanya pamoja na ndugu yake: kipande kutoka bloku hiyo hiyo, chenye probu ya U6, RNA ambayo kila seli ya binadamu inayo. U6 ikiwaka, tishu imehifadhi RNA yake na jibu la EBER linaaminika. U6 ikikataa, basi EBER ikitoka tupu hujasema lolote. Vipande vya taya vilivyopitia asidi, U6 ilikataa kimoja baada ya kingine. Vilivyotoka tumboni na kwenye ovari, ambako hakuna mfupa, vikawaka vizuri.

Hebu fikiria mtu angesoma slaidi hizo bila U6. Angeandika kwamba uvimbe wa taya hauna kirusi na wa tumbo unacho, na angeweza kujenga nadharia nzima juu yake. Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa juu ya meza: HAKUNA EBER BILA U6.

Kuanzia sasa mifupa itatolewa chokaa kwa EDTA, kemikali isiyoila RNA kama asidi. Ni ya polepole, inaweza kuchukua siku nyingi, na daktari wa wadi atapiga simu akiuliza. Tumekubaliana hivi: sehemu laini ya uvimbe inatenganishwa na mfupa siku ile ile inapofika, inakwenda kwenye nta bila kuguswa na asidi wala EDTA, na jibu la kwanza linatokana nayo. Mfupa utafuata.

Aprili 18

Masika. Barabara ya kuelekea Mbagathi ilikuwa mto asubuhi. Stima ilipotea mara mbili, jenereta ikashika. Slaidi hazikauki vizuri kwa unyevu huu. Tumeongeza muda wa tanuri.

Daktari mmoja wa hospitali ya kaunti huko magharibi amenitumia ujumbe akiuliza formalini gani atumie, kwa sababu sampuli zake mbili tumemrudishia kwamba hazisomeki. Nimefurahi kuulizwa. Nimemwandikia hivi, na ninaiweka hapa ili tusiitafute tena:

Chukua mililita 100 za formalini ya dukani, ile kali ya asilimia 37 hadi 40, uongeze maji safi mililita 900, gramu 4 za sodiamu fosfeti ya monobasiki na gramu 6.5 za daibasiki. Hizo fosfeti ndizo zinazozuia formalini isigeuke kuwa tindikali, na tindikali ndiyo inayoacha vumbi la kahawia kwenye slaidi na kuikatakata RNA. Formalini iwe mara kumi ya ujazo wa nyama. Nyama kubwa ipasuliwe, maana formalini hupenya takriban milimita moja kwa saa. Uvimbe mzima ukitumbukizwa kama ulivyo, nje unaiva na katikati unaoza. Usiache kwa wiki nzima. Na usitumie chupa ya mdomo mwembamba, kwa sababu nyama ikishakuwa ngumu haitoki.

Akajibu: "Asante sana daktari, hiyo ya mdomo mwembamba ndiyo imenipata leo."

Mei 8

Nimetumia jioni kadhaa kusoma makala za zamani, na nataka vijana wa maabara wazijue, kwa sababu Nairobi imo ndani yake kuliko wanavyofikiri.

Kila mtu anaanza na Kampala, na ni haki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, alianza kuwaona watoto wenye mataya yaliyovimba pande zote mwaka 1957, akaandika 1958. Mwaka 1961 alihutubia hospitali ya Middlesex mjini London, na kati ya wasikilizaji alikuwapo Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vya uvimbe wa kuku. Vipande vikaanza kurushwa kwa ndege kutoka Kampala. Kimoja cha mwishoni mwa 1963 kilicheleweshwa na ukungu, ndege ikatua Manchester, na kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwenye haraka angekimwaga akidhani ni bakteria. Epstein alichukua tone akaliweka chini ya hadubini: zilikuwa seli hai za uvimbe zikielea zenyewe. Kutokana na hizo, yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakakiona kirusi Februari 1964. Kirusi cha kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu kilitoka kwenye chupa iliyoonekana imeharibika.

Lakini hapa Kenyatta, hospitali iliyoitwa King George VI kabla ya uhuru, alikuwapo Peter Clifford, daktari wa upasuaji wa kichwa na shingo. Alitibu Burkitt, na pia kansa ya nyuma ya pua. Damu ya wagonjwa wake ilikwenda New York kwa kundi la Lloyd Old na Herbert Oettgen, na makala yao ya 1966 ndiyo iliyoonyesha kwamba wagonjwa wa Burkitt na wale wa kansa ya nyuma ya pua wana kingamwili dhidi ya kitu kilekile katika seli za Burkitt. Hapo ndipo uhusiano wa EBV na kansa ya nyuma ya pua ulipoanzia. Vipande vingine vya uvimbe vilikwenda Stockholm kwa George na Eva Klein. Huko, mwaka 1967, seli za kijana mmoja wa miaka 16 zilikubali kuota kwenye chupa, na hazijaacha kuota hadi leo. Jina zilizopewa ni Daudi.

Kila mtu aliyesomea kinga ya mwili amekutana na seli za Daudi. Zimekosa protini ndogo iitwayo beta-2 maikroglobulini, kwa hiyo haziwezi kuonyesha HLA ya daraja la kwanza, kitambulisho cha seli, kwenye uso wake, na kwa sababu hiyo zimetumika kote duniani kupimia seli wauaji wa asili zilizoamshwa. Dawa zinazolenga CD20, protini ya uso wa seli B zinazotengeneza kingamwili, ambazo leo zinatibu limfoma kila bara, zimejaribiwa juu ya seli hizi. Nimezitaja darasani mara nyingi. Vijana huandika "Daudi" kwenye daftari bila kuinua kichwa, kana kwamba ni namba ya katalogi. Safari hii nilisimama na kuwaeleza kwamba Clifford ni mmoja wa walioandika ripoti ya mwanzo ya seli hizo, na kwamba vipande vyake viliondoka hapa. Darasa lilinyamaza kidogo. Kisha binti mmoja akauliza: "Yule kijana alipona?"

Makala haisemi. Ninamshukuru aliyeuliza.

Sina kinyongo na Clifford wala na Klein. Elimu waliyoitoa ni ya kweli, imeokoa watu, na bila wao nisingekuwa na la kupima. Ninachokiona nikisoma ni kwamba kila kilichohitaji jicho na subira kilifanyika mbali. Kipande kilikwenda, makala ikaja. Fundi wa Nairobi aliyekifunga kile kipande kwenye barafu hakupata nafasi ya kukiona kilichomo. Mradi huu, kwangu, ni wa fundi huyo.

Mei 29

Seli zimefika kwenye barafu kavu kupitia uwanja wa ndege wa JKIA, na forodha hawakutukalisha. Tulihitaji vidhibiti: seli ambazo tunajua zina kirusi na seli ambazo tunajua hazina. Za pili ni Ramos, Burkitt ya Marekani isiyo na EBV. Za kwanza tungeweza kuchagua Raji, zilizotoka kwa mtoto wa Nigeria mwaka 1963 na zina kirusi kingi. Nilichagua Daudi. Kisayansi zinatosha kabisa, na nilitaka ziwe kwenye kila duru ya kipimo itakayofanywa katika chumba hiki.

Mzee wa histolojia aliposikia habari yake alisema, "Basi amerudi nyumbani," akaandika jina kwenye friza kwa mkono wake. Kwa penseli.

Juni 20

Slaidi imetoka.

Nieleze jinsi ilivyokuwa, kwa sababu nimeingoja. Kabla ya kukata, meza ilifutwa, maji yakabadilishwa na yale yaliyosafishwa kuua vimeng'enya, glavu mpya kila baada ya kugusa mlango au simu. Jasho la kidole kimoja lina vimeng'enya vya kutosha kuila RNA yote kwenye slaidi. Fundi wetu kijana, dada aliyejiunga mwaka jana, ndiye aliyekata. Bloku ilikuwa imepoozwa kwenye barafu. Aliuzungusha mpini polepole, na utepe wa nta ukatoka kwenye kisu, unene wa maikroni nne, mweupe unaopitisha nuru. Akaushika ncha kwa brashi, akaulaza juu ya maji ya vuguvugu; ukajinyoosha, mikunjo ikatoweka. Kisha akauchota kwa slaidi kwa mwendo mmoja bila kutia povu la hewa. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mgongoni, hakusema neno.

Siku iliyofuata ndiyo ya probu na rangi. Tulisoma vidhibiti kwanza. Ramos: waridi tupu. Daudi: viini vyeusi, safi, bila uchafu pembeni. U6 ya mgonjwa: imewaka kote. Ndipo tukaweka EBER ya mgonjwa.

Limfoma ya Burkitt kwenye rangi ya kawaida ina sura ambayo wanapatholojia wanaiita anga yenye nyota: seli za uvimbe zimebanana, nyeusi, za ukubwa mmoja, na katikati yake kuna makrofaji, seli za usafi, nyeupe zilizojaa mabaki ya seli zilizokufa. Kwenye EBER picha ilikuwa hiyo hiyo, lakini sasa weusi ulikuwa kirusi chenyewe. Kila kiini cha uvimbe. Makrofaji zilibaki za waridi, ukuta wa mshipa wa damu ulibaki wa waridi, msuli pembeni ulibaki wa waridi. Mpaka kati ya kilichoambukizwa na kisichoambukizwa ulipita katikati ya uwanja wa hadubini, ukiufuata uvimbe ulivyojipenyeza.

"Daktari, yote?" dada aliuliza.

"Yote."

Akavua glavu, akaketi chini.

Julai 15

Sasa kazi ya kusoma, ambayo ni ngumu kuliko kutia rangi. Tumepata tezi ya shingo ya mtu mzima yenye seli nyeusi moja hapa, moja kule. Mwanafunzi wa patholojia aliandika "EBER chanya". Tukaketi naye. Seli hizo ni ndogo, ni limfosaiti za kawaida zilizobeba kirusi kama zinavyokibeba kwa watu wengi, na hazina uhusiano na ugonjwa uliomleta mgonjwa. Kusema chanya hapo ni kumpa daktari wa wadi neno litakaloongoza dawa.

Tumeandika kanuni ya nyumba. Ripoti haitasema chanya au hasi peke yake. Itasema ni seli zipi zimewaka: za uvimbe karibu zote, za uvimbe baadhi, au za jirani tu. Na EBER haitasomwa bila vipimo vya protini za seli, CD20, CD10, BCL6, BCL2 na Ki-67, kuwa mezani. Burkitt ni CD20, CD10 na BCL6 chanya, BCL2 hasi au hafifu sana, na Ki-67 inakaribia asilimia 100, maana yake takriban kila seli iko kwenye kugawanyika. Ikikosa sura hiyo, EBER iwake isiwake, tunarudi nyuma kufikiri.

Agosti 12

Mkutano wa maabara ulihusu malaria, na ulipita muda wake kwa saa nzima bila mtu kulalamika.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walizunguka mwaka 1961 kwa gari kuukuu takriban kilomita 16,000 kutoka Uganda kushuka kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wanawajua watoto hawa. Ramani iliyopatikana ilifuata joto, mvua na mwinuko: juu ya mita 1,500 hivi ugonjwa unapungua sana. Ndiyo ramani ya malaria. Watoto wenye Burkitt tunaowaona hapa wengi wamepanda basi kutoka kando ya ziwa au wameletwa kutoka Pwani.

Tunachokijua kuhusu jinsi malaria inavyoungana na Burkitt ni hiki. Ndani ya tezi kuna mahali ambapo seli B hufunzwa kuboresha kingamwili, na huko kimeng'enya kiitwacho AID hukata DNA makusudi ili jeni za kingamwili zipangwe upya. Malaria ya falsiparamu inazichochea seli B bila kupumzika, na AID inafanya kazi ya ziada. Mara moja moja inakata pasipofaa. Kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC kinahamia kromosomu ya 14, jirani na jeni ya kingamwili ambayo katika seli B haizimwi kamwe. MYC inaamrisha seli igawanyike, igawanyike. Kwa kawaida seli inayosukumwa hivyo hujiua, na hapo ndipo wengi wetu tunaamini kirusi kinapoingia: kinaizuia isife. Malaria pia inadhoofisha seli T, askari wa kinga ambazo zingekibana kirusi. Kazi iliyofanywa Kisumu na Nandi na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pamoja na wenzao wa Marekani ilionyesha kwamba katika eneo la malaria nyingi watoto wanaambukizwa EBV mapema mno, wengi kabla ya mwaka wao wa kwanza kwisha.

Mwanafunzi wa uzamili aliuliza kama basi chandarua ni kinga ya kansa. Nikamwambia aliandike hilo kama swali la tasnifu, maana naliona ni swali zuri kuliko la kwangu. Bloku zetu zina mwaka na wilaya. Vyandarua vyenye dawa viligawanywa kwa wingi Kenya kuanzia katikati ya miaka ya 2000. Tukijua kwa uhakika ni zipi Burkitt zenye kirusi, kabla na baada, kuna cha kutazama. Hilo halikuwamo kwenye pendekezo letu la awali, na litahitaji kibali chake.

Septemba 23

Vitendanishi vimechelewa. Hakuna cha kuandika isipokuwa kwamba wakati huu tumefundisha kukata: watu wawili kutoka kaunti, wiki nzima, bloku za mazoezi mpaka mabega yakauma.

Oktoba 30

Mtoto wa miaka sita aliletwa na bibi yake, taya la kulia. Sehemu laini ikatenganishwa na mfupa mchana ule ule, ikaiva kwenye formalini usiku kucha, ikawa kwenye nta siku iliyofuata. EBER, U6 na vidhibiti vikaenda pamoja. Ripoti ilitoka ndani ya wiki, ikasainiwa na madaktari wawili wa hapa, na dawa zilianza. Sikuombwa kuisoma. Niliikuta kwenye mfumo wakati natafuta kitu kingine, nikaisoma yote, pamoja na maelezo ya U6, na sikuona neno la kubadilisha.

Novemba 20

Hesabu ya mwisho kabla ya kuandika ripoti kwa wafadhili. EBER inahama kutoka kwenye mradi kwenda kwenye kazi ya kila siku Januari. Fomu ya maombi ya wadi imeongezewa kisanduku chake. Gharama ya probu kwa sehemu kubwa itabebwa na maabara, na idara imetia sahihi. Bloku za ghalani zilizobaki zitasomwa na mwanafunzi wa uzamili, ambaye kibali chake cha swali la vyandarua kimepita hatua ya kwanza. Kupima EBV kwenye plazma, maji ya damu, kwa PCR, kipimo kinachozidisha DNA ya kirusi ionekane, ili tufuatilie kama dawa inafanya kazi bila kumkata mtoto tena, ndilo pendekezo jipya ninaloliandika.

Mzee wa histolojia anastaafu Desemba. Dada aliyekata ile slaidi ya Juni ndiye atakayeshika benchi, na tayari ameomba chupa mbili zaidi za Daudi zigandishwe kama akiba, moja ipelekwe Kisumu.